Bombe haingojei mzinga wake: historia ya vifaru vya zamani na vipya, na udongo wa Kisangani

Mtu anapochimba msingi wa nyumba au shimo la choo na jembe likagonga chuma kilichooza, jirani mmoja hakosi kusema: «Hiyo ni ya zamani, mzinga wake haupo tena, haiwezi kufanya kitu.» Neno hilo ni nusu kweli. Ni kweli kwamba bombe nyingi za zamani haziwezi tena kuingia katika mizinga ambayo majeshi yanatumia leo. Lakini nusu ya pili ni uongo, na uongo huo unaua watu. Ili kuelewa tofauti hiyo, inafaa kurudi nyuma kidogo na kuangalia namna vifaru na bombe zake vilivyobadilika kwa miaka themanini hivi, na namna mambo hayo yalivyofika mpaka kwenye mto Tshopo.

Namba iliyoandikwa kwenye chuma

Kila mzinga una kipimo chake, nacho ni upana wa tundu la bomba lake, unaohesabiwa kwa milimita. Mzinga wa 100 una tundu la milimita 100, yaani sentimita kumi. Wa 125 una sentimita kumi na mbili na nusu. Watu wengi wanafikiri namba hiyo inatosha: bombe ya 100 ni ya mzinga wa 100, basi. Mambo hayako rahisi hivyo.

Bombe ya kifaru ina sehemu mbili kubwa. Mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka kwenda kupiga. Nyuma kuna ganda lililojaa baruti, ndiyo inayosukuma kichwa kitoke. Ili bombe iingie na kufanya kazi, kichwa lazima kilingane na tundu la bomba, ganda lilingane na chumba cha nyuma ya mzinga kwa urefu na kwa unene, na ukingo wa ganda ushike vizuri kwenye mlango wa chuma unaofunga mzinga. Tena nguvu ya baruti isizidi ile ambayo chuma cha mzinga kinaweza kuvumilia. Kitu kimoja tu kikikosa kulingana, bombe haiingii, au inaingia na kupasua mzinga pamoja na askari walio ndani.

Kuna jambo lingine ndani ya bomba lenyewe. Mizinga ya zamani mingi ina mifereji iliyokatwa kwa kuzunguka, sawa na njia ya konokono. Kichwa cha bombe kina mshipi wa shaba unaouma kwenye mifereji hiyo, nacho kinatoka kikijizungusha kwa kasi ili kiende sawasawa. Mizinga mingi mipya ya vifaru haina mifereji, bomba lake ni laini kama chupa. Bombe yake haijizungushi. Inanyooshwa na mabawa madogo ya nyuma, sawa na mshale. Bombe iliyotengenezwa kwa bomba la mifereji na ile ya bomba laini ni watoto wa nyumba mbili.

Mzinga wa 100, mzee asiyestaafu

Afrika ya Mashariki na ya Kati inajua kifaru kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni kile cha Warusi kiitwacho T-54, pamoja na mdogo wake T-55. T-54 ilianza kutengenezwa baada tu ya Vita Kuu ya Pili, na T-55 ikafuata mwaka 1958. Wachina walipewa ruhusa ya kukiiga, wakatoa chao wakakiita Type 59. Vyote vitatu vina mzinga wa milimita 100 wenye mifereji.

Mzinga huo ni mzee kuliko kifaru chenyewe. Asili yake ni mzinga wa meli za vita, na mwaka 1944 Warusi waliufunga juu ya gari la chuma lililoitwa SU-100, kwa kupiga vifaru vya Wajerumani. Mwaka huohuo walikuwa na mzinga mwingine wa kuvutwa, BS-3, wa kipimo hichohicho na bombe zilezile. Walipotengeneza T-54 hawakuanzisha bombe mpya. Walichukua ile ambayo viwanda vilikuwa tayari vinaitoa kwa wingi.

Ndiyo sababu bombe iliyotengenezwa kwa vita ya 1944 iliweza kuingia katika kifaru kilichouzwa Afrika miaka thelathini baadaye. Kwa inchi maskini hilo lilikuwa faida kubwa. Mfano mzuri ni vita ya Kagera. Mwisho wa mwezi wa kumi 1978 askari wa Idi Amin waliingia Tanzania, na mwaka 1979 Watanzania wakawarudisha mpaka Kampala. Tanzania ilikuwa na Type 59 za Kichina. Upande wa Amin, pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, kulikuwa na T-54 na T-55 za Kirusi. Maadui hao walikuwa na vifaru vya ukoo mmoja. Bombe ya 100 iliyoachwa na anayekimbia ilifaa kwa anayemfukuza.

Kenya, kwa upande wake, ilifuata njia ya Waingereza. Mwisho wa miaka ya 1970 ilinunua vifaru vya Vickers vyenye mzinga wa 105. Kati ya 100 na 105 kuna milimita tano tu, pungufu ya upana wa kidole kidogo. Hata hivyo milimita hizo tano zinatosha kabisa: bombe ya Kenya haiwezi kuingia katika kifaru cha Uganda au cha Tanzania, na ya kwao haiwezi kwenda kwa Kenya.

Huku Congo, wakati wa Mobutu, jeshi la Zaire lilipata kutoka China kifaru chepesi, Type 62, chenye mzinga wa 85. Tanzania pia ilikuwa nacho. Kipimo hicho nacho kinatoka katika Vita Kuu ya Pili, wakati Warusi walipofunga mzinga wa 85 juu ya kifaru chao kilichojulikana sana, T-34. Baadaye vifaru vya 100 navyo vikaja kwetu, kisha vya 125. Kila kizazi kilikuja na bombe zake, na kila mara ghala zilibaki na bombe za kizazi kilichotangulia.

Vipya vinavyokataa bombe ya zamani

Mwaka 1961 hivi Warusi walileta T-62 yenye mzinga wa 115, bomba laini. Ukiangalia kwa mbali, T-62 inafanana na T-55 sawa mtu na ndugu yake. Lakini bombe hazishirikiani hata moja. Jeshi lenye vifaru hivyo viwili lazima liwe na ghala mbili, malori mawili, na mtu mwenye akili wa kuhakikisha bombe za huku haziendi kule.

Halafu zikaja T-64A na T-72, zenye mzinga wa 125. Hapo mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Katika T-55 kuna askari wanne, na mmoja wao kazi yake ni kubeba bombe nzima, kichwa na ganda pamoja, uzito wa kilo 30 hivi, na kuisukuma ndani ya mzinga kwa mikono. Katika T-64 na T-72 askari huyo hayupo. Mashine ndiyo inayopakia, na watu wamebaki watatu. Ili mashine iweze kazi hiyo, bombe ilikatwa vipande viwili: kichwa kinaingia kwanza, baruti inafuata. Tena ganda la baruti haliko la chuma chote. Sehemu kubwa inaungua ndani ya mzinga, na kinachobaki ni kitako kifupi cha chuma.

T-64 na T-72 zinatumia bombe za kawaida zilezile, ijapokuwa mashine zao za kupakia hazifanani. Kinachozitenganisha ni roketi za kuongozwa, zile zinazotoka ndani ya mzinga na kufuata shabaha: roketi ya T-64B haikuwa ileile ya T-72B, kwa sababu vyombo vya kuiongoza ni tofauti. Kwa hiyo hata vifaru viwili vya wakati mmoja, vya inchi moja, vya kipimo kimoja, vinaweza kupatana juu ya bombe hii na kukataana juu ya ile.

Vifaru hivyo navyo vimefika ukanda huu. Mwezi wa tisa 2008 maharamia wa Somalia waliteka meli iitwayo Faina, iliyokuwa inatoka Ukraine kwenda Mombasa ikiwa na T-72 zipatazo 33. Dunia nzima ikaona kwa mara moja ni silaha za namna gani zinapita katika bandari za Afrika ya Mashariki. Meli iliachiliwa mwezi wa pili 2009, ikashusha mizigo Mombasa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, katika miaka ya 2010, nayo iliagiza T-64 kutoka Ukraine. Kwa jeshi, hiyo ni kuruka kutoka 100 kwenda 125. Bombe ya 100 iliyobaki ghalani haiwezi kulisha kifaru kipya hata kimoja.

Mahali pengine namba ni moja na bado bombe hazishirikiani. Warusi walikuwa na mzinga wa kuvutwa wa 100 wenye bomba laini, T-12. Bombe zake si zile za T-55. Uingereza ilifunga juu ya kifaru chake Challenger 2 mzinga wa 120 wenye mifereji, na bombe yake ni ya vipande. Ujerumani na Marekani zina 120 ya bomba laini, na bombe yake ni kipande kimoja. Waingereza na Wajerumani ni marafiki katika umoja mmoja wa kijeshi, lakini hawakuweza kukopeshana bombe ya kifaru kwa miaka mingi. Hiyo ni sababu moja iliyowafanya Waingereza waamue kwamba kifaru chao kijacho kitakuwa na bomba laini.

Kwa hiyo yule jirani anayesema «mzinga wake haupo tena» ana haki katika jambo hilo moja. Bombe inaweza kubaki yatima. Sasa yatima huyo anakaa wapi?

Yatima wa ghalani

Bombe isiyokuwa na mzinga haina faida kwa askari, lakini kuiharibu kunataka feza, mafundi, na mahali pa mbali na watu. Kwa hiyo majeshi mengi yanaiacha ghalani. Miaka inapita, baruti ya ganda inaharibika, mbao za masanduku zinaoza, joto linaongezeka, nyaya za umeme zinachakaa. Mji nao unakua na kusogea karibu na ukuta wa kambi.

Ukanda huu umekwisha kulipa deni hilo mara nyingi. Tarehe 14 mwezi wa nne 2000, silaha zililipuka katika kiwanja cha ndege cha N'djili, Kinshasa, watu wapatao 100 wakafa. Dar es Salaam, Tanzania, ghala la jeshi la Mbagala lililipuka tarehe 29 mwezi wa nne 2009, na lile la Gongo la Mboto tarehe 16 mwezi wa pili 2011. Kila mara watu 20 au zaidi walipoteza maisha, na bombe ziliruka mpaka kwenye nyumba za raia. Brazzaville, tarehe 4 mwezi wa tatu 2012, ghala la kambi ya kikosi cha vifaru pale Mpila liliungua asubuhi ya siku ya mungu. Watu zaidi ya 200 walikufa, mitaa ikasagika, na ng'ambo ya mto, Kinshasa, vioo vya madirisha vilivunjika. Mbuji-Mayi, mwezi wa kwanza 2014, radi ilipiga ghala la silaha, na watu wengi wakafa.

Katika misiba hiyo yote hapakuwa na mtu aliyepiga mzinga. Bombe zilikuwa zimelala. Hapo ndipo ile nusu ya pili ya neno la jirani inapoanguka: mzinga ni wa kupeleka bombe mbali, si wa kuifanya ilipuke. Kilipuzi kiko ndani ya kichwa chenyewe, na moto wowote au pigo lolote linaweza kukiamsha.

Siku sita za mwaka 2000

Kisangani haikupata bombe zake kutoka ghalani. Ilizipata kutoka hewani. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Congo mwaka 1998 yakiwa marafiki, yaligombana ndani ya mji huu mara tatu: mwezi wa nane 1999, tarehe 5 mwezi wa tano 2000, na mara ya mwisho kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa sita 2000. Hiyo ya mwisho ndiyo vita ya siku sita. Waganda walikuwa zaidi upande wa kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda upande wa katikati ya mji, na kilalo cha Tshopo kikawa mahali pa kung'ang'aniwa. Kati yao kulikuwa na raia.

Bombe zaidi ya 6,000 zilianguka juu ya mji. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kuhesabu hasara ulisema raia zaidi ya 760 waliuawa, wapatao 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika au kubomoka, na mashule 69 yalipigwa. Watu 65,000 walikimbia kwenda msituni. Hata kanisa kuu lilipigwa.

Majeshi hayo mawili yalitoka katika shule moja ya vita. Wakubwa wengi wa jeshi la Rwanda walipigana kwanza Uganda pamoja na Museveni, mpaka alipochukua Kampala mwezi wa kwanza 1986. Silaha zao nzito zilikuwa nyingi za ukoo wa Kirusi na wa Kichina, sawa na katika majeshi mengi ya ukanda huu. Bombe ya mota au ya mzinga iliyokuwa inafaa upande mmoja wa mto, mara nyingi ilifaa upande wa pili pia. Kwa hiyo kipande cha chuma kilichobaki katika ukuta wa Mangobo au wa Makiso kinaweza kumwambia fundi ni mzinga wa namna gani uliokirusha. Jina la aliyevuta kamba ya mzinga halimo ndani yake.

Jambo hilo lilikuwa na uzito hata mbele ya sheria. Baraza la Usalama, katika azimio namba 1304 la tarehe 16 mwezi wa sita 2000, lilisema Rwanda na Uganda zinapaswa kulipa hasara ya Kisangani. Congo ilishitaki inchi zote mbili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mashitaka juu ya Rwanda yalikwama mwaka 2006, kwa sababu Mahakama ilisema haina uwezo wa kuyasikiliza. Uganda ilihukumiwa kuwa na makosa mwezi wa kumi na mbili 2005, na tarehe 9 mwezi wa pili 2022 Mahakama ikakata malipo: dola za Marekani milioni 325, zikiwemo milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali, na milioni 60 juu ya utajiri wa asili. Mahakama haikukubali kwamba, kwa kuwa hasara ilitokana na wapiganaji wawili, basi Uganda isilipe kitu. Feza zinapita katika mfuko wa serikali uitwao FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani, na wahanga wengi bado wanangoja zamu yao.

Kwa familia zinazongoja, neno moja ni la lazima. Chuma cha bombe si karatasi ya ushahidi. Hakitaji nani alipiga wala nyumba ya nani ilibomoka. Hakuna sababu ya kukificha chini ya kitanda kwa kufikiri siku moja kitafungua mlango wa malipo.

Mzinga kama ufunguo

Juu ya nini bombe ambayo haikulipuka mwaka 2000 inaweza kulipuka leo? Jibu liko katika kiwashio, kile kidude kidogo kilicho mara nyingi kwenye pua ya bombe.

Fundi anayetengeneza bombe ana taabu mbili. Anataka ilipuke inapogonga shabaha, lakini hataki ilipuke mikononi mwa askari anayeipakia. Kwa hiyo anaweka kufuli ndani ya kiwashio. Bombe ikiwa bado haijapigwa, kufuli limefungwa. Mzinga unapofyatuka, bombe inasukumwa mbele kwa nguvu ya ajabu, na ikiwa bomba lina mifereji, inazungushwa kwa kasi. Msukumo huo na mzunguko huo ndivyo vinavyofungua kufuli. Bombe inapotoka mdomoni mwa mzinga, iko tayari.

Kwa maneno mengine, mzinga ni ufunguo. Ukishafungua, hauhitajiki tena. Bombe ikianguka katika matope, katika dimbwi, au ikipita katika matawi ya miti na kulala kwa ubavu, inaweza kukosa pigo la kutosha na kubaki kimya. Kisangani ni mji wa mvua, wa mito na wa udongo laini. Hata tuseme ni bombe moja tu katika kila 100 iliyokosa kulipuka, katika 6,000 zingebaki 60, kila moja na kufuli lililokwisha kufunguliwa. Hiyo ndiyo mbaya zaidi kuliko ile ya ghalani. Haingojei mzinga. Inangoja jembe, moto wa takataka, au mtoto mwenye jiwe.

Kutu haiiponyi. Kutu inakula chuma cha nje, inafuta rangi na maandishi, inafanya bombe ionekane kama bomba la maji au kipande cha gari. Ndani, kilipuzi kinaweza kukaa miaka mingi bila kupoteza nguvu. Huko Ulaya, bombe za vita iliyokwisha mwaka 1945, na hata za ile iliyokwisha 1918, bado zinachimbuliwa kila mwaka na bado zinaua. Kwa hesabu hiyo, bombe ya mwaka 2000 ni kijana.

Mafundi wa kuondoa bombe walifanya kazi Kisangani miaka iliyofuata vita, wakiwemo wale wa Handicap International, na bombe nyingi ziliharibiwa. Lakini hakuna fundi anayeweza kuchimba kila kiwanja cha mji. Mahali palipokuwa kichaka mwaka 2000, leo ni nyumba na mashamba ya mihogo.

Mgeni ana macho lakini haoni

Wenyeji wa zamani wanajua sehemu ambazo bombe zilianguka kwa wingi. Walizikimbia wenyewe. Lakini watu zaidi ya nusu ya vijana wa leo walikuwa hawajazaliwa. Tena tangu mwaka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umefukuza familia nyingi kutoka vijiji vya Lubunga na Ubundu, zikaja kutafuta usalama mjini. Familia iliyohama haina shamba la baba. Inapewa kipande ambacho hakuna mtu alikuwa anakitaka: pembeni ya kijito, nyuma ya uwanja, karibu na magofu. Inachimba choo, inachoma majani, inafyatua matofali, inakusanya vyuma chakavu vya kuuza ili watoto wale. Mshipi wa shaba na ganda la bombe vinavuta macho, maana shaba ina bei kuliko chuma kingine. Kifurushi kinafungwa nyuma ya toleka na kupita katikati ya soko.

Kwa familia hizo, masomo ya vipimo na mifereji yote yaliyotangulia yanaweza kufupishwa hivi. Usihukumu bombe kwa umri wake. Usihukumu kwa sababu kifaru chake kimekuwa chuma cha makumbusho. Ganda tupu na bombe nzima, kwa jicho la asiye fundi, vinaweza kufanana. Ukikiona, simama. Usikiguse, usikivute, usikimwagie maji, usiwashe moto karibu. Rudi kwa njia uliyopitia. Weka alama mbali kidogo, tawi au kitambaa, na umwachie mtu mzima alinde watoto wasisogee. Kisha pasha habari shefu wa kartie, polisi, au watu wa kazi ya kuondoa mabomu. Congo iliingia katika mapatano ya Ottawa juu ya mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2002, na sheria ya mwezi wa saba 2011 ikafuata. Kuna kituo cha taifa chenye kazi hiyo, CCLAM, na Umoja wa Mataifa una tawi lake, UNMAS. Kuwaita si kosa, na hakuna mtu anayestahili kuogopa kuulizwa alikipata wapi.

Wenyeji nao wana kazi yao, tena haitaki feza. Mtu aliyekuwa hapa mwaka 2000 na anayekumbuka bombe ilipoanguka bila kulipuka, aseme. Amwambie mpangaji wake, amwambie jirani mpya aliyekuja na watoto na jembe moja, amwambie mwalimu wa shule ya karibu. Mizinga iliyopiga Kisangani imekwisha kuondoka, na mingine imekuwa vyuma tu. Kilichobaki chini ya udongo kinajulikana na watu wachache, na kila mwaka watu hao wanapungua.